Jina Alilovishwa Koati

Juzi jioni mpwa wangu wa darasa la tano alinifuata barazani na daftari lake la sayansi. Alikuwa amemaliza kazi ya nyumbani, na alitaka niione kabla ya chakula. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Sentensi ya tatu ilisema: "Muhanga anaishi Afrika na Brazili."

Nikaweka kidole hapo. "Haya umeyatoa wapi?"

"Mtandaoni, mjomba. Yameandikwa."

"Na aliyeyaandika, yeye ameyatoa wapi?"

Akanyamaza. Akatazama daftari, akanitazama mimi. Kisha akauliza swali lililonifurahisha mpaka nikasahau njaa: "Kwani mjomba, aliyeandika naye huulizwa?"

Huulizwa, mwanangu. Huulizwa mpaka akachoka. Na kwa kuwa swali hilo ni la watoto wote wenye jicho la kuchungulia, nitakusimulia na wewe unayesoma, kama nilivyomsimulia yeye, polepole, huku wali ukipoa.

Fikiria ua mkubwa. Katikati ya ua pana sufuria, ile ya shughuli, inayopikiwa pilau ya harusi. Mlango wa ua hauna komeo. Mpishi si mmoja. Anayepita njiani anaruhusiwa kuingia, akatia mchele, akatia kitunguu, akakoroga, akaenda zake. Anayefuata akionja na kuona chumvi imezidi, anaruhusiwa kuongeza maji. Hakuna anayelipwa. Hakuna anayeulizwa jina la baba yake. Na chakula kikiiva, dunia nzima inakula bure.

Ua huo upo kweli. Unaitwa Wikipedia. Ulifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Na usidhani ni wiki ile ya siku saba! Neno hili limetoka visiwa vya Hawaii, na huko wiki maana yake ni haraka. Kiswahili nacho kilipata sufuria yake mwaka 2003, na wapishi wake wanaiita kamusi elezo huru. Leo kuna masufuria ya lugha zaidi ya 300. Ile ya Kiingereza peke yake ina makala zaidi ya milioni 6.

"Mjomba, na mtu akitia mchanga?"

Ndiyo! Hilo ndilo swali. Mtoto anayeuliza hivyo mimi humkatia kipande kikubwa cha muwa.

Mchanga hutiwa. Kuna anayetia kwa utani. Kuna anayetia kwa hila, ili jirani yake aonekane mbaya au duka lake lionekane zuri. Na kuna yule anayenisikitisha kuliko wote, yule anayetia mchanga akiamini kabisa kuwa ni chumvi. Huyu ana moyo safi. Lakini meno ya wanaokula hayajui habari za moyo wake.

Ndiyo maana uani pana sheria. Ukija na kitu mkononi, utaulizwa: umekitoa wapi? Onyesha kikapu. Yaani taja kitabu, au gazeti, au jarida, ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua akajionea mwenyewe.

Ukitaka kuona kikapu chenyewe, fungua makala yoyote ndefu. Tazama mwisho wa sentensi. Utaona namba ndogo imekaa juu kidogo ya mstari, ndani ya mabano ya mraba, kama inzi aliyetua ukutani. Watu wengi huipita bila kuiona. Wewe iguse. Itakushusha mpaka chini ya ukurasa, penye orodha. Hapo utakuta jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, pengine na namba ya ukurasa. Hicho ndicho kikapu. Na sentensi isiyo na kikapu, mtu yeyote anaweza kuibandika alama ya kudai chanzo, au akaitoa sufuriani moja kwa moja.

"Lakini mjomba, si wangeuliza tu kama ni kweli? Kwa nini waulize imetoka wapi?"

Sikiliza, maana hapa hata watu wazima huteleza. Hapa nyumbani bibi akisema mvua itanyesha, tunaanua nguo. Hatumwombi kikapu. Tunamjua bibi, tunajua magoti yake yakiuma mvua haiko mbali. Lakini kule uani watu hawajuani. Mmoja yuko Mwanza, mwingine yuko Toronto, wa tatu ameficha jina lake. Kila mmoja anasema, "Ninachosema mimi ni kweli, niaminini." Utamwamini yupi? Mwenye sauti kubwa? Mwenye kukesha usiku kucha akibishana? Kwa hiyo uani hakuna neno "niaminini". Kuna neno "twende dukani ulikonunua, tukaone."

Sasa tuingie kwenye hadithi. Paukwa! Na wewe ukiwa peke yako, itikia hata kwa sauti ndogo: Pakawa!

Palikuwa na mnyama anaitwa koati. Mwache ajieleze mwenyewe.

"Mimi ni koati. Nyumbani kwangu ni misitu ya Amerika ya Kusini. Nina pua ndefu inayochezacheza. Nina mkia mrefu wenye pete. Nina kucha za kupandia miti. Mchana natafuta matunda na wadudu, usiku nalala mtini. Jina langu limetoka kwa Watupi, wenyeji wa Brazili tangu kale. Nalipenda jina langu. Sijawahi kuomba jingine."

Basi mwezi Julai 2008, kijana mmoja wa miaka 17 kutoka New York, ambaye alikuwa ametembelea maporomoko ya Iguaçu huko Brazili pamoja na ndugu yake, alikuwa na jambo linamkera. Kule maporomokoni walikuwa wamewaona koati, wakadhani wanaona muhanga. Baadaye akajua kwamba walikosea. Nawe unajua ilivyo kukosea hadharani, mtu hutamani kosa lenyewe ligeuke kuwa sahihi. Akafungua makala ya koati kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Akachomeka maneno machache tu, kwamba koati huitwa pia muhanga wa Brazili. Alifanya kwa utani. Hakuonyesha kikapu. Kisha akasahau.

Maneno machache. Lakini mlango hauna komeo, na siku ile hakuna aliyemuuliza: umeyatoa wapi?

Mwaka mmoja hivi ukapita. Kijana akakumbuka, akatafuta jina lile mtandaoni. Akakuta limezaa. Tovuti kwa mamia zilikuwa zinamwita koati muhanga wa Brazili. Baadaye magazeti ya Uingereza nayo yakalichukua, Independent na Daily Mail. Likaingia hata kwenye kitabu cha wachapaji wa Chuo Kikuu cha Chicago. Watu wazima, mwanangu. Wasomi. Wenye miwani.

Kisha likatokea jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Mpishi mmoja mwema alipita uani, akaona sentensi haina kikapu. Akatafuta kikapu. Akakipata! Gazeti la Telegraph la mwaka 2010 lilikuwa limemwita koati kwa jina lile lile. Akaiweka namba ndogo mwisho wa sentensi. Sasa sentensi ya uongo ikawa na kikapu kizuri, cha gazeti kubwa, na aliyepita hakuona sababu ya kuuliza tena.

"Jamani," akasema koati, "hata mimi sasa naanza kuwa na wasiwasi. Labda kweli mimi ni muhanga?"

Hapo akatoka shimoni mzee mwingine, masikio marefu, macho madogo, vumbi puani. "Mimi ndiye muhanga. Mimi naishi Afrika, kusini mwa Sahara, na si kwingineko. Natoka usiku. Nabomoa vichuguu, nalamba mchwa kwa ulimi unaoweza kufika sentimita 30. Sijapanda mti tangu nizaliwe. Nikihama shimo langu, ngiri huja akakaa. Huyo mwenye mkia wa pete simjui. Pua ndefu ninayo, naye anayo. Basi kila mwenye pua ndefu ni ndugu yangu?"

Mpwa wangu alicheka sana hapo. Kisha uso wake ukabadilika. "Mjomba, kwa hiyo gazeti lilitoa wapi?"

Umeona? Ameuliza mwenyewe. Sikumfundisha.

Nenda pale penye mtungi mtupu. Tia kichwa mdomoni mwake, useme, "Koati ni muhanga!" Mtungi utakujibu, "...ni muhanga, ...hanga, ...hanga." Utainua kichwa na kuwaambia wenzako, "Mmesikia? Hata mtungi umesema." Je, mtungi umekuwa shahidi? Sauti ni yako. Imekwenda, imezunguka, imerudi nene kuliko ilivyotoka. Mchora katuni wa Marekani, Randall Munroe, aliutungia mzunguko huu jina la Kiingereza mwaka 2011. Mimi kwa Kiswahili nauita mwangwi, maana lugha yetu ilikuwa nalo neno siku nyingi.

Na mwangwi unakamatwaje? Kwa tarehe. Kila makala ya Wikipedia ina ukurasa wa historia. Ukiubonyeza unaona nani alitia nini, siku gani, saa ngapi, dakika ngapi. Hakuna kinachofutika hivi hivi. Sentensi ya koati iliingia Julai 2008. Kabla ya hapo, jina hilo halionekani popote. Gazeti ni la 2010. Sasa niambie wewe, nani mama na nani mtoto? Mtoto wa mwaka 2010 hawezi kumzaa mama wa mwaka 2008. Mwaka 2014 jarida la The New Yorker likasimulia mkasa mzima, na baada ya hapo koati akavuliwa lile jina.

Basi ungedhani kwamba watu wa uani wakishajua hivyo, ugomvi umekwisha. Wapi! Ndio kwanza unaanza. Maana kila mtu amekubali kwamba lazima kikapu kionyeshwe. Swali linalowagombanisha ni lingine: kikapu gani kinafaa?

Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano. Msomaji wa kawaida hauoni. Makala ni sebule, mazuria yametandikwa. Majadiliano ni jikoni, moshi na kelele. Mmoja anasema, "Hili gazeti ni la kuaminika." Mwingine anasema, "Hili? Hili liliandika kwamba mtu amekufa naye yuko hai!" Wa tatu analeta mifano kumi. Wa nne anachoka, analala, asubuhi anarudi na mifano ishirini.

Ugomvi mmoja mkubwa ulihusu lile gazeti la Daily Mail. Februari 2017, baada ya mabishano marefu, wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliamua kwamba kwa jumla lisitumike kama kikapu. Walisema halihakiki vya kutosha, linapenda kutia chumvi, na mara nyingine linatunga. Wengine walipinga. Walisema, mbona magazeti mengine nayo hukosea? Walisema, habari zake za zamani huenda zilikuwa nzuri zaidi. Gazeti lenyewe nalo lililalamika. Na hawakulifungia mlango kabisa, bado kuna mahali linaruhusiwa, mfano pale makala inapolizungumzia gazeti lenyewe.

"Walipiga kura, mjomba?"

Walisema maoni, lakini haikuwa kuhesabu mikono tu. Ukishahesabu mikono, mwenye ukoo mkubwa hushinda kila siku. Mwishoni, watu ambao hawakushiriki mabishano waliyasoma yote, wakapima nani ana hoja na nani ana kelele, ndipo wakaandika uamuzi. Umewahi kuona wazee wa baraza wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba? Wanaanza kwa kusikiliza. Wanauliza mti wa mpaka ulipandwa na nani. Ni vivyo hivyo.

Lakini hapa mjomba wako ana neno lake. Kwa koati, si Daily Mail peke yake lililookota mchanga. Independent ni gazeti linaloheshimiwa, nalo liliokota. Wachapaji wa chuo kikuu ni watu makini, nao waliokota. Kwa hiyo ukishajua kikapu hiki ni kizuri, bado ingiza mkono ndani. Usiishie kwenye jina lililoandikwa juu ya kikapu. Mimi nadhani hili ndilo wabishani wengi husahau: wanagombania kikapu siku tatu, na hakuna aliyeonja kilichomo.

Nikusimulie mkasa mwingine, maana huu ulinigusa. Palikuwa na mwandishi mkubwa wa riwaya wa Marekani, Philip Roth. Mwaka 2012 alisoma makala ya Wikipedia kuhusu riwaya yake, The Human Stain. Makala ilizungumzia mtu fulani maarufu, kana kwamba ndiye aliyempa Roth wazo la mhusika wake mkuu. Roth akasema hapana, wazo nililitoa kwenye kisa kilichompata rafiki yangu, profesa wa Princeton. Akaomba parekebishwe. Akaambiwa, kwa adabu, kwamba neno lake peke yake halitoshi. Walihitaji kikapu kingine.

Mpwa wangu aliruka. "Mjomba! Kitabu ni chake! Yeye ndiye aliyekipika!"

Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Tena bado namhurumia. Lakini fikiria harusi. Wazee wa upande wa bibi harusi wanataka kujua tabia za kijana. Watamuuliza mama yake? Watamuuliza, naye atasema mengi, na mengine yatakuwa kweli. Lakini lazima wapite pia kwa majirani. Si kwamba mama ni mwongo. Ni kwamba mama ni mama. Uani nako, mtu akisimulia habari zake mwenyewe anasikilizwa, lakini hawi shahidi wa pekee.

Unajua Roth alifanya nini? Alikwenda kuandika barua ndefu ya wazi, ikachapishwa na The New Yorker, Septemba 2012. Sasa maneno yake yakawa yamechapishwa, yana tarehe, mtu yeyote anaweza kuyafungua na kusema, "Kweli, Roth alisema hivi." Makala ikarekebishwa, barua ikatajwa. Mzee wa watu ilibidi azunguke njia ndefu kufika nyumbani kwake mwenyewe.

Wali ulikuwa umepoa kabisa sasa. Bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa amekaa upande wa pili wa baraza, anasuka ukili. Miyaa imelowekwa, mingine imetiwa rangi ya zambarau, mingine nyeupe. Vidole vinakwenda bila macho kutazama. Kila nakshi anaijua jina, na kila jina analijua lilitoka kwa nani. Mpwa wangu akamtazama, kisha akaniuliza polepole, kama anayeogopa jibu: "Mjomba, bibi hajaandika kitabu. Kwa hiyo bibi hawezi kuwa kikapu?"

Mwanangu, swali hili ni zito. Kuna watu wenye shahada nyingi bado wanalizungukazunguka.

Sheria ya kikapu imetengenezwa na watu wenye maktaba nyingi. Kwao, jambo lisiloandikwa ni nadra. Kwetu, mambo mengi mazuri yamekaa vinywani na vidoleni. Sasa ukisema lisilochapishwa lisiingie sufuriani, unamfungia nje mtu kama bibi, na pilau ya dunia inakosa viungo vyake.

Nitakupa mfano wa Nairobi. Machi 2010 kundi la muziki la Just A Band lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa anaitwa Makmende. Makmende lilikuwa jina la mitaani, watoto wa Nairobi walilitumia miaka mingi kumtania anayejiona hodari asiyeshindika. Kwa siku chache Kenya nzima mtandaoni ilikuwa Makmende, Makmende. Mashabiki wakaandika makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa. Wakaandika tena. Ikafutwa tena. Wafutaji walikuwa mbali, hawamjui Makmende, hawaoni kikapu wanachokitambua. Vyombo vikubwa vya habari vya Marekani vilipomwandika, makala ikapata pa kushika, ikabaki.

Hapo mimi hukereka, na sioni haya kusema. Kenya nzima inalijua jambo, halafu linasubiri gazeti la ng'ambo lilipe ruhusa ya kuwapo? Sheria ni nzuri. Lakini anayeishika sheria anapaswa kujua kwamba maduka hayako mtaa wake tu.

Wapo waliojaribu kutafuta njia. Mwaka 2011 Mhindi mmoja, Achal Prabhala, na wenzake walikwenda vijijini India na Afrika Kusini wakiwa na vinasa sauti. Waliwahoji watu kuhusu mambo ambayo hawakuyapata vitabuni, kama michezo ya watoto na mapishi, wakaweka rekodi hizo mahali pa wazi na kuzitumia kama kikapu, kwa lugha za Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi. Uani palichafuka! Wengine walishangilia. Wengine walisema, je, kesho mtu akimrekodi mjomba wake akidai yeye ndiye aliyegundua baiskeli?

Wana haki kuogopa. Hata mimi mjomba wako ningeweza kusema hivyo nikishiba.

Lakini neno la mdomo si lazima liwe upepo. Ikiwa unasoma madrasa umesikia habari za isnadi. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuridhika na "nimesikia". Waliuliza: umesikia kwa nani? Naye kwa nani? Naye kwa nani? Wakaandika mnyororo wa majina mpaka mwanzo, wakachunguza kila mmoja, kumbukumbu yake ikoje, ukweli wake ukoje, je, hawa wawili waliwahi kukutana kweli? Swali letu la "umeyatoa wapi" ni kongwe kuliko mtandao kwa zaidi ya miaka elfu. Basi na bibi vivyo hivyo. Ukimrekodi, ukaandika jina lake kwa idhini yake, na mahali, na siku, na kwamba nakshi hii alifundishwa na mama yake mkubwa, na rekodi ikahifadhiwa mahali ambapo mwingine anaweza kuisikiliza, hapo umeanza kusuka kikapu. Kuwa na kikapu si sawa na kuwa na uhakika. Lakini sasa pana kitu cha kukagua.

Bado hadithi moja fupi, kisha tule.

Mwaka 2012 wanafunzi kadhaa Uingereza waliingiza kwa utani kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba tosta, ile mashine ya umeme ya kuchomea mkate, ilibuniwa na Mskoti mmoja huko Edinburgh mwaka 1893. Jina walilotumia lilikuwa la rafiki yao. Baadaye mmoja wao akamtungia makala nzima, na picha akaweka, picha iliyofanywa ionekane ya kizamani. Miaka ikapita. Vitabu zaidi ya kumi, vya lugha mbalimbali, vikamtaja mvumbuzi yule. Mwangwi ule ule, mtungi mwingine. Ulidumu miaka kumi.

Ulivunjwa mwaka 2022. Na aliyeuvunja hakuwa profesa, wala mhariri mkuu wa gazeti. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 15. Mwalimu wake alikuwa amewaonya darasani kuhusu makala hiyo hiyo. Akaenda kuifungua, akaitazama ile picha kwa makini, akaona haiko sawa. Haikufanana na picha ya karne ya 19. Akaandika wasiwasi wake, wakubwa wakafuatilia, makala ikafutwa.

Miaka 15! Mpwa wangu akahesabu kwa vidole imebaki mingapi afike huko.

Kisha akachukua rula na kalamu nyekundu. Akapiga mstari juu ya maneno "na Brazili". Chini yake akaandika kwa herufi ndogo jina la kitabu cha wanyama tulichonacho kabatini, na namba ya ukurasa. Ilimchukua dakika kumi kuupata ukurasa wenyewe. Nilimwacha atafute mwenyewe.

Na wewe uliyefika hapa nami, nakuomba jambo moja. Ukibahatika usiku mmoja kumwona muhanga akivuka njia, masikio juu, vumbi puani, usikimbilie kusimulia tu. Andika tarehe, andika saa, andika ulikuwa wapi na ulikuwa na nani. Siku moja kuna mtu atakuuliza umeyatoa wapi.